Mofini, pethidini, tramadoli au kodeini? Maswali ya wagonjwa waliotolewa kibofu cha nyongo

Ukurasa huu ni wa mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo Mwanza au wilaya za jirani, na wa ndugu anayemuuguza. Dozi zote ni za mtu mzima mwenye kilo 50 au zaidi, mwenye figo na ini vinavyofanya kazi vizuri. Opioidi, yaani dawa za jamii ya afyuni, ni dawa za cheti. Kiwango cha mwisho ni kile alichoandika daktari aliyekupima.

Kati ya hizi, ipi ni kali kuliko zote?

Kila ndugu wa mgonjwa huanza na swali hili, na jibu lake halisaidii sana kuchagua dawa. Ukipima kwa uzito, fentanili, opioidi nyingine inayotumika hospitalini, inaizidi mofini karibu mara 100. Lakini dozi yake ya kawaida ya kwenye mshipa, mikrogramu 50 hadi 100, huisha nguvu ndani ya dakika 30 hadi 60. Inamfaa mgonjwa aliye mezani thieta. Haimfai anayesubiri kupambazuke wodini. Mofini na pethidini zikitolewa kwa dozi zinazolingana hutuliza karibu sawa. Kinachozitofautisha ni muda zinaokaa, kiungo kinachozitoa mwilini, na fujo zinazoacha nyuma. Kwa hiyo muulize daktari hivi: itakaa saa ngapi, figo zangu zitaimudu, na usiku nani atakuwa ananiangalia?

Maumivu yenyewe yanatoka wapi?

Kwa upasuaji wa matundu, yaani wa kamera kupitia matundu madogo tumboni, kuna vyanzo vitatu. Cha kwanza ni matundu yenyewe, kwa kawaida manne, na linalouma zaidi mara nyingi ni la kitovuni kwa sababu ni kubwa na kibofu hupitishwa hapo. Cha pili ni ndani, kwenye ini mahali kibofu kilipobanduliwa. Cha tatu huwashtua wengi: bega, hasa la kulia. Tumbo hujazwa hewa ya kaboni dioksaidi ili daktari aone vizuri. Hewa hiyo na mvutano wake huchokoza kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio kati ya kifua na tumbo, na neva ya kiwambo inatokea shingoni, hivyo ubongo unayasikia maumivu begani. Opioidi hazilisaidii sana bega hili. Kutembea, kubadili mkao na dawa ya kupunguza uvimbe hufanya kazi zaidi, na hali hiyo huisha ndani ya siku mbili tatu.

Upasuaji wa kufungua ni habari nyingine kabisa. Mkato unapita chini ya mbavu za kulia, mara nyingi sentimita 10 hadi 15, ukikata misuli ambayo mtu huitumia kila anapovuta pumzi. Asipotulizwa vizuri anapumua juu juu, anaogopa kukohoa, makohozi yanalala sehemu ya chini ya mapafu, na siku ya tatu anakuwa na homa ya nimonia. Kwa mgonjwa huyu opioidi ina kazi ya maana: inamwezesha akae, akohoe huku amekumbatia mto tumboni, na atembee hadi chooni.

Mbona mimi nimeandikiwa parasetamoli na ibuprofeni tu? Si dawa za kichwa hizo?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapozidharau dawa bora walizo nazo mkononi. Tafiti za dozi moja baada ya upasuaji wa aina mbalimbali hupima idadi ya watu wanaopaswa kupewa dawa ili mmoja zaidi apate nafuu ya nusu ya maumivu, akilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Namba ikiwa ndogo, dawa ni nzuri. Ibuprofeni mg 400 hupata karibu 2.5. Sindano ya mofini mg 10 ya msuli hupata karibu 2.9. Parasetamoli gramu 1 ni karibu 3.6. Kodeini mg 60 peke yake iko kwenye 12 au zaidi. Soma tena: kodeini peke yake ndiyo ya mwisho, na ibuprofeni ya dukani iko bega kwa bega na mofini.

Ndiyo maana kwa upasuaji wa matundu msingi ni huu: parasetamoli, dawa moja ya kupunguza uvimbe kama ibuprofeni au diklofenaki, ganzi inayochomwa kwenye matundu kabla mgonjwa hajaamka, na mara nyingi deksamethasoni mg 8 mara moja thieta, ambayo pia hupunguza kichefuchefu. Opioidi inakaa pembeni ikisubiri kuitwa.

Kosa kubwa la nyumbani ni kuzisubiri dawa hizi mpaka uchungu uje. Kwa siku tatu za kwanza zimezwe kwa saa, hata kama huumwi. Parasetamoli ya mg 500 ikiandikwa 2x4 maana yake vidonge viwili saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 6 usiku, bila kuvuka vidonge 8 kwa siku. Ibuprofeni mg 400 ikiandikwa 1x3 imezwe baada ya chakula. Wengi hupitisha usiku mzima bila kitu, wakaamka saa 11 alfajiri wakilia, wakadhani dawa imeshindwa. Dawa ilikwisha mwilini tangu usiku wa manane.

Angalia pia usimeze ibuprofeni na diklofenaki pamoja. Ni ndugu. Hazijumlishi nafuu, zinajumlisha madhara tumboni na kwenye figo.

Mofini inatolewaje, na inakaa muda gani?

Kwenye chumba cha kuamkia, njia nzuri ni kidogo kidogo mshipani: mg 2 hadi 3, subiri dakika 5 hadi 10, muulize mgonjwa, hesabu pumzi, rudia ikihitajika. Uvumilivu ni muhimu kwa sababu mofini hufika kilele cha kazi yake taratibu, karibu dakika 20. Anayeharakisha dozi ya tatu kabla ya ile ya kwanza kufika hujikuta na mgonjwa aliyelala kupita kiasi nusu saa baadaye. Ikishatulia, hukaa karibu saa 4.

Ubaya wake: kichefuchefu, kuwashwa (pua hasa, na si lazima iwe mzio), choo kugoma, mkojo kuziba kwa baadhi ya wanaume wazee. Onyo kubwa ni figo. Ini huigeuza mofini kuwa vitu vingine, na kimojawapo kina nguvu kama mofini au zaidi, nacho hutoka kwa mkojo. Figo zikiwa dhaifu, kinajikusanya. Mgonjwa anaonekana salama saa ya pili, kisha anazama usingizini saa ya kumi. Kwa watu hawa fentanili kwa dozi ndogo ni salama zaidi, ila inataka uangalizi wa karibu.

Mofini si ya wagonjwa wa saratani? Nitakuwa teja?

Mofini ya maji inajulikana zaidi kwenye huduma za saratani, na ndiyo maana ndugu wakiisikia hushtuka na kuuliza mgonjwa amefichwa nini. Hajafichwa kitu. Dawa ni ileile, matumizi ni tofauti: siku moja au mbili baada ya kisu, basi. Hatari ya kuizoea ni ndogo kwa muda huo mfupi, na hukua pale vidonge vinapoendelea wiki baada ya wiki bila sababu, au mtu alipokuwa na historia ya ulevi au dawa za kulevya. Kama unayo historia hiyo, sema kabla ya upasuaji. Hutanyimwa dawa. Utapangiwa njia nyingine na mtu wa kukutunzia vidonge.

Nimeambiwa pethidini ndiyo inayofaa kwa nyongo kuliko mofini. Ni kweli?

Hii ni elimu ya zamani iliyokataa kufa. Mwishoni mwa mrija wa nyongo kuna msuli wa mviringo unaofunga na kufungua njia ya kwenda kwenye utumbo. Mofini huukaza, na walimu wa zamani walifundisha kwamba pethidini haiukazi. Ukweli ni kwamba opioidi zote huuathiri kwa kiasi, na hakuna ushahidi mzuri kwamba mgonjwa wa nyongo hupona vizuri zaidi kwa pethidini.

Bei ya pethidini ndiyo tatizo. Sindano ya mg 75 hadi 100, inayolingana na mofini mg 10, hukaa saa 2 hadi 3 tu, kwa hiyo hurudiwa mara nyingi. Kila dozi huacha mwilini kitu kiitwacho nopethidini, kinachokaa muda mrefu kuliko dawa mama na kuchokoza ubongo: mikono kutetemeka, misuli kurukaruka, kisha degedege. Figo mbovu huongeza hatari. Dozi moja ya kutuliza kutetemeka kwa baridi baada ya dawa za usingizi haina neno. Pethidini ya kila saa 6 kwa siku tatu ni mpango mbaya kwa pande zote mbili: mgonjwa anaumwa saa tatu kati ya kila sita, na sumu inapanda.

Mazoea ya kuichanganya na promethazini tusiyaonee haya kuyahoji. Promethazini haiondoi maumivu. Inamlaza mgonjwa, wodi inanyamaza, na pumzi inazidi kuwa nzito.

Tramadoli imemsaidia ndugu yangu lakini mimi imenitapisha tu. Kwa nini?

Kwa sababu tramadoli ikimezwa bado haijawa dawa kamili. Kimeng'enya cha ini ndicho kinachoigeuza kuwa kitu chenye nguvu ya opioidi, na watu wamezaliwa na vimeng'enya vya kasi tofauti. Mwenye kimeng'enya kivivu hupata kichefuchefu na kizunguzungu bila nafuu. Mwenye cha kasi kupita kiasi hupata dozi kubwa kuliko iliyoandikwa, na watu wa aina hiyo ni wengi zaidi Ethiopia kuliko sehemu nyingi za dunia. Huwezi kujua uko wapi kwa kumtazama ndugu yako.

Dozi ni mg 50 hadi 100 kila baada ya saa 6, isizidi mg 400 kwa siku, na mg 300 kwa aliyezidi miaka 75. Kidonge huanza kusaidia baada ya dakika 30 hadi 60. Anza na mg 50. Aina ya kuachia taratibu, ya mg 100 au zaidi, haitafunwi wala kusagwa, na si ya maumivu ya siku ya kwanza.

Kuna mtego mmoja hata wodini husahaulika. Ondansetroni, dawa nzuri ya kuzuia kutapika, hupunguza nguvu ya tramadoli kwa sababu inaziba mlango mmoja ambao tramadoli hutumia kwenye uti wa mgongo. Mgonjwa anatapika, anapewa ondansetroni, maumivu yanarudi, anaongezewa tramadoli, anatapika tena. Hapo badilisha dawa mojawapo badala ya kuzungukia palepale.

Mwenye kifafa asipewe tramadoli. Na anayeinunua mtaani kwa ajili ya kufanya kazi usiku bila kuchoka amwambie daktari wa usingizi, maana mwili wake tayari umezoea.

Na kodeini?

Ina tatizo lilelile la kimeng'enya, kwani karibu sehemu moja ya kumi tu hugeuzwa kuwa mofini. Peke yake ni dhaifu, kama tulivyoona. Ikiambatana na parasetamoli gramu 1 inakuwa dawa nzuri, lakini inafunga choo sana. Ukipewa vidonge vya mchanganyiko, hesabu parasetamoli iliyomo ndani kabla hujaongeza nyingine.

Nikibadilishiwa dawa, dozi zinalinganaje?

Kwa makadirio, mofini ya kumeza mg 10 ni sawa na mofini ya sindano mg 3 hadi 5, kodeini mg 100 hivi, au tramadoli mg 50 hadi 100. Oksikodoni, ambayo wenye ndugu Marekani huisoma sana mtandaoni, ni karibu mg 7. Hospitali ikibadilisha dawa kwa kawaida huanza chini ya hesabu hiyo, kwa sababu mwili haukuzoea dawa mpya kama ulivyozoea ya zamani.

Mwanangu ana sikoseli na ametolewa mawe ya nyongo. Kuna tofauti?

Ipo kubwa, na Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa sikoseli. Chembe nyekundu zinazovunjika kila siku hutengeneza mawe ya nyongo hata kwa watoto. Mambo manne yazingatiwe. Mgonjwa huyu huenda ameshatumia opioidi mara nyingi wakati wa maumivu ya mifupa, hivyo akisema dozi haimfikii, aaminiwe. Pethidini iepukwe. Dawa za jamii ya ibuprofeni zitolewe figo zikishapimwa, kwa sababu sikoseli huziharibu kimyakimya. Na maumivu yasiyotulizwa, upungufu wa maji, au usingizi mzito wa mofini, vyote vinaweza kuanzisha shida ya kifua yenye homa na kuhema, ambayo inaua. Drip, oksijeni ikihitajika na mazoezi ya pumzi kila saa akiwa macho ni sehemu ya dawa ya maumivu.

Mtoto aliye chini ya miaka 12 asipewe kodeini wala tramadoli. Mofini kwa kipimo cha kilo zake ni salama zaidi, hospitalini.

Nina vidonda vya tumbo, au niliwahi kutibiwa kichocho cha muda mrefu. Niepuke nini?

Hapa pwani ya ziwa swali la pili ni la lazima. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka kinaweza kuweka makovu kwenye ini na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, aliyewahi kutapika damu, au mwenye bandama kubwa, asimeze ibuprofeni wala diklofenaki. Hata zile za kwenye boksi la kuondoa mafua. Kwake parasetamoli, kwa dozi atakayopangiwa, na opioidi kidogo ndizo zinazobaki, na daktari wa upasuaji ajue mapema.

Dawa nyingine za kutaja kabla ya upasuaji: rifampisini ya kifua kikuu huunguza haraka kodeini, tramadoli na hata mofini, hivyo dozi ya kawaida inaweza isitoshe. Fluoksetini ya sonona huidhoofisha tramadoli na wakati huohuo, zikikutana, huweza kuleta jasho, kutetemeka na homa. Linezolidi ya kifua kikuu sugu haikutanishwi na pethidini wala tramadoli.

Nanyonyesha. Itakuwaje?

Parasetamoli na ibuprofeni hazina shida. Kodeini na tramadoli ziepukwe, kwa sababu mama mwenye kimeng'enya cha kasi anaweza kumpitishia mtoto dozi ya hatari kwenye maziwa. Ikibidi opioidi, mofini kidogo kwa siku moja au mbili ni chaguo bora, huku mtoto akiangaliwa: analala kuliko kawaida, hanyonyi, analegea? Apelekwe hospitali mara moja.

Mgonjwa amelala fofofo baada ya sindano. Nimwache apumzike?

Mguse bega, mwite kwa jina. Akifungua macho na kujibu, mwache. Kisha weka kiganja kifuani, washa saa ya simu, hesabu pumzi dakika nzima. Usihesabu sekunde 15 na kuzidisha, kwa sababu pumzi za mofini haziendi kwa mpangilio. Zikiwa 12 au zaidi, sawa. Chini ya 10 na haamki vizuri, mwite nesi sasa hivi. Chini ya 8, au anakoroma kwa kukatikakatika na midomo inabadilika rangi, mwamshe kwa nguvu, mwinue kidevu, piga kelele ya msaada. Dawa ya kuiondoa opioidi ni naloksoni, na wataalamu huitoa mshipani kidogo kidogo ili pumzi irudi bila maumivu yote kurudi kwa mpigo. Huisha nguvu mapema kuliko mofini, kwa hiyo mgonjwa aendelee kuangaliwa kwa saa kadhaa hata akionekana mzima.

Kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kisikudanganye. Mgonjwa aliye kwenye oksijeni anaweza kusoma asilimia 97 huku pumzi zinamwishia.

Nitoke hospitali na vidonge vingapi vya opioidi?

Baada ya matundu, wengi hawahitaji hata kimoja. Madaktari wa Michigan, Marekani, nchi iliyoumizwa sana na dawa hizi, hupendekeza vidonge 0 hadi 10 vya oksikodoni mg 5 kwa upasuaji huu. Kwa kipimo hicho, tramadoli mg 50 vidonge 6 hadi 10 ni kingo za juu, vya kumezwa pale tu parasetamoli na ibuprofeni vimeshindwa. Aliyefunguliwa anaweza kuhitaji siku 3 hadi 5. Ukipewa boksi zima la mwezi, uliza kwa nini.

Anza dawa ya choo siku hiyohiyo, usisubiri siku ya nne: bisakodili mg 5 hadi 10 usiku, maji, papai, uji. Kusukuma kwa nguvu huku kitovu kina nyuzi kunauma kuliko upasuaji wenyewe. Pombe, gongo ikiwemo, haichanganywi na opioidi hata tone. Usiendeshe bodaboda wala kuingia ziwani usiku ukiwa bado unazimeza.

Narudi Ukerewe kwa meli. Nimeze nini kabla ya safari?

Parasetamoli na ibuprofeni saa moja kabla ya kupanda, baada ya kula kidogo. Tramadoli na mawimbi ni mchanganyiko wa kutapika, na kutapika kunavuta nyuzi. Kaa katikati ya meli, mto tumboni. Wanaokwenda Sengerema na Geita wana nafuu: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko. Bado mwambie dereva apunguze kwenye matuta.

Kabla hujaondoka mjini, jua hospitali ya karibu na kwako yenye daktari wa upasuaji, na uwe na karatasi ya kuruhusiwa inayoonyesha ulichofanyiwa.

Siku ya nne maumivu yamerudi makali. Niongeze dozi?

Usiongeze. Maumivu ya upasuaji huu hushuka kila siku. Yakipanda baada ya kushuka, kuna kitu: nyongo inavuja tumboni, jiwe limebaki kwenye mrija, usaha, au damu. Tumbo kuvimba na kuwa gumu, homa, macho kuwa ya njano, mkojo wa rangi ya chai, choo cheupe, kutapika kusikokoma: chochote kati ya hivi, rudi hospitali siku hiyohiyo. Opioidi zaidi zitaifunika dalili hadi mgonjwa afike akiwa amechelewa. Ukifika, sema dawa uliyomeza ya mwisho na saa uliyoimeza.

Vidonge vilivyobaki nivifanyie nini?

Virudishe famasi ya hospitali uliyoruhusiwa. Usimpe jirani mwenye maumivu ya mgongo, na usivitupe chooni au ziwani. Wakati vingali nyumbani, vikae juu, vimefungwa, mbali na watoto, na vihesabiwe.